Mzizi Hauna Kasoro

11 Februari

Kaka,

Shikamoo. Naandika kwa sababu kwenye simu unacheka, na ukishacheka mimi nasahau nilichotaka kukuuliza. Barua haicheki.

Ni lile jino la mbele, la juu, upande wa kushoto, ulilonitibu mzizi ile Jumapili kabla sijasafiri. Miezi kumi na minne lilikuwa limetulia. Tangu Januari fizi yake imevimba na kuwa nyekundu, na asubuhi nikiibonyeza kwa kidole inatoa usaha wenye chumvichumvi. Usikunje uso. Wewe si ndiye unayeshinda ndani ya vinywa vya watu?

Nimekwenda hospitali ya hapa, chumba namba nne, kwa daktari wa fizi. Ni mama mmoja mfupi, hana maneno mengi, anavaa miwani juu ya miwani. Amenipima jino kwa jino kwa kijiti chenye alama za milimita, huku akimtajia muuguzi namba kama mtu anayesoma bahati nasibu. Anasema ugonjwa wa fizi ninao kweli. Kwenye meno kadhaa fizi imeachana na jino na kufanya vijifuko, vingi vya milimita tano. Lakini kwenye jino hili kuna kimoja chembamba, kirefu, milimita tisa, mahali pamoja tu. Alipokifikia hakutaja namba. Alirudia kupima mara tatu. Kisha akaniuliza, "Huu mzizi nani aliutibu?" Nikajibu kwa kujidai: kaka yangu.

Anasema jino linaweza kuugua pande mbili kwa pamoja, ndani kwenye mzizi na nje kwenye fizi. Ukitibu upande mmoja ukauacha wa pili, unajisumbua bure. Ndiyo maana anataka kuwa na uhakika na mzizi kwanza. Je, siku ile kulitokea lolote? Nakumbuka ulikuwa unanisimulia kisa cha mgonjwa aliyekung'ata kidole, ukanyamaza ghafla, ukakaa kimya muda mrefu, ukaniambia nisitikisike. Mimi nilidhani umesahau mwisho wa kisa.

Kaka, jino hili ndilo mdomo wa tarumbeta unaloegemea. Mpiga tarumbeta wetu wa kwanza anastaafu mwezi wa sita, na mkuu wa bendi ya jiji amesema kiti chake tutakishindania watu watatu. Sina jino la akiba.

Msalimie Mama. Mwambie nakula vizuri.

Mdogo wako,
Parapanda


20 Februari

Parapanda wangu,

Marahaba. Mama hajambo. Sasa hivi yupo hapa kliniki, amekaa kwenye benchi anawasimulia wagonjwa wangu jinsi nilivyokuwa nikimng'oa meno mwanasesere wako. Nimemwomba aache, lakini nani anamweza?

Sasa sikiliza neno la daktari, kaka yako tumweke pembeni. Tatizo lako ni mswaki. Tangu utotoni unapiga mswaki kama mtu aliyechelewa basi, unagusa ya mbele mawili matatu umemaliza. Matokeo yake ni ugaga, na ugaga ndio baba wa ugonjwa wa fizi. Akusafishe vizuri huyo mama, akukwangue mpaka chini, nawe utumie uzi kila siku. Usaha utakauka.

Mzizi nimeuziba kwa mikono yangu mpaka kwenye ncha. Picha yake ningeweza kuitundika ukutani. Mzizi hauna kasoro, mwambie hivyo. Na kunyamaza kwangu siku ile ni kwa sababu kazi ile inataka utulivu. Wewe ukipiga tarumbeta unapiga soga?

Nina habari njema. Chuo cha meno kimeniteua kufundisha matibabu ya mizizi kuanzia muhula ujao. Mama ameshatangaza mtaa mzima, kabla hata mimi sijasaini karatasi.

Kaka yako


4 Machi

Kwa Daktari Mwenzangu,

Salaam. Ninamtibu mdogo wako wa kike, mpiga tarumbeta. Ameniambia kwamba ni wewe uliyemtibu mzizi wa jino lake la mbele, nami nimeona bora nikuandikie moja kwa moja kuliko kupitisha maswali kwake.

Ugonjwa wa fizi anao, nao ninaushughulikia. Kinachonisumbua ni kijifuko kimoja, upande wa mbele unaogusa mdomo, kirefu na chembamba. Fizi peke yake haifanyi shimo la namna hiyo. Nauliza kwa heshima na bila lawama: ulipokuwa ukisafisha mzizi, ilitoka damu usiyoitarajia? Chombo kilivunjikia ndani? Ukuta wa mzizi ulitobolewa? Picha ya eksirei inaonyesha mzizi uliojazwa vizuri, lakini wewe na mimi tunajua kwamba picha haionyeshi tundu lililo upande wa mbele wa mzizi.

Kama lipo, tukilifunga sasa jino litabaki. Tukichelewa, mfupa utayeyuka, na mfupa ukishayeyuka haurudi.

Mambo haya humpata kila mmoja wetu. Mwaka wangu wa pili kazini nilitoboa jino la mke wa mwalimu wangu. Nilimwambia siku ileile. Alinuna mwezi mzima, na jino analo mpaka leo.

Wako katika kazi,
Daktari wa Fizi, Chumba Namba 4


15 Machi

Kwa Daktari wa Fizi,

Nimepokea barua yako. Matibabu ya mzizi yalifanyika kwa utaratibu wote na hayakuwa na tukio lolote. Mzizi hauna kasoro. Nakushauri uelekeze nguvu kwenye fizi, ambayo ndiyo fani yako.

Daktari wa Meno


2 Mei

Kaka,

Shikamoo. Nimesafishwa mara tatu. Amenikwangua upande wa kulia, akanikwangua upande wa kushoto, nimetumia uzi mpaka vidole vimefanya michirizi. Hutaamini, fizi zote zimepona! Zimekaza, hazitoi damu hata nikila kitu kigumu. Zote isipokuwa ile moja. Ile inazidi. Sasa jino linacheza nikilisukuma kwa ulimi, kidogo sana, lakini ulimi wangu unalijua.

Noti za juu zimeanza kunikimbia. Nikikaza midomo maumivu yananipanda mpaka puani. Jana kwenye mazoezi niliikosa noti moja waziwazi, mbele ya wenzangu wawili tunaoshindania kiti. Mmoja akaangalia viatu vyake. Ningependa zaidi kama angecheka.

Daktari amesema kusafisha kumefika mwisho. Anataka kunipiga ganzi, aifungue fizi aukunje ukingo wake, auangalie mzizi kwa macho. Amenipangia tarehe 3 Juni. Nilimuuliza, "Unatafuta nini, na kaka amesema mzizi ni mzima?" Akasema, "Ameniandikia hivyo. Mimi nataka kuona." Sikujua kama mmeandikiana.

Naogopa kisu karibu na mdomo wangu. Niambie la kufanya. Ukisema nikubali, nitakubali.

Mdogo wako,
Parapanda


9 Mei

Parapanda,

Usikubali.

Fikiria mwenyewe. Ulipokwenda kwake jino lilikuwa halichezi. Amekukwangua mara tatu, sasa linacheza. Nani kalilegeza? Sasa anataka kukata ili afunike alichoharibu, na baada ya hapo atasema alikuta tatizo kwenye mzizi. Hao watu wa fizi nawajua. Wakishindwa, wanamsukumia lawama aliyetangulia.

Atakupotezea jino na kiti. Kaandike malalamiko kwa uongozi wa hospitali, tena mapema, kabla ya hiyo tarehe. Nimekuandikia rasimu, nimeiambatanisha hapa, inakili tu kwa mkono wako. Nimeweka na barua yangu yenye saini na muhuri, inayothibitisha kwamba mzizi ulikuwa salama. Daktari mwenzake akisema, watasikiliza.

Usimwonee huruma. Huruma hailindi jino.

Kaka yako


30 Mei

Kaka,

Shikamoo. Nimefanya ulivyosema. Nilinakili rasimu yako neno kwa neno, mpaka pale pasemapo "kwa uzembe na kwa kukosa ujuzi," maneno ambayo mimi mwenyewe nisingeyapata. Barua yako ndiyo iliyowatikisa. Kumbe mwaka jana hospitali ilisemwa vibaya kwa kesi nyingine, wakaona wasichelewe tena. Wamemsimamisha kazi wakati kamati inachunguza. Faili langu wamelifungia kabatini, na ile operesheni ya tarehe 3 imefutwa.

Nilikutana naye kwenye korido. Alikuwa amebeba boksi lenye kikombe, koti lake jeupe na ile miwani ya pili. Nilijiandaa kutukanwa. Akanikaribia, akasema, "Mtu mwingine akufungue hiyo fizi. Usisubiri mimi." Basi. Akaenda zake.

Tangu siku ile sina raha. Mtu mwenye hatia husema hivyo?

Nimepewa daktari mwingine, mzee wa kung'oa, lakini nafasi yake ya karibu ni Agosti. Hataki kugusa jino lenye kesi mpaka kamati imruhusu.

Mashindano ya kiti ni tarehe 20 Juni. Niombee.

Parapanda


8 Agosti

Kaka,

Kiti nilikikosa, hilo nilikwambia kwenye simu. Hili la leo sikulisema kwenye simu.

Jino limetoka. Halikuhitaji hata nguvu. Yule mzee alilishika kwa koleo likaja lenyewe, kama mtu aliyekuwa anangoja kuitwa. Akaliosha bombani, akaligeuzageuza kwenye mwanga, akaniuliza, "Nani aliutibu mzizi wa jino hili?" Safari hii sikujidai. Akanipa lenzi niangalie mwenyewe.

Upande wa mbele wa mzizi, katikati, kuna tundu. Dogo, ncha ya sindano ya kushonea inaingia. Pembeni mwa tundu jino limekuwa jeusi, na mfupa wa pale umekwisha, ndiyo maana halikuwa na cha kulishika. Nikamwambia basi ni yule daktari wa fizi, atakuwa alilitoboa kwa kukwangua. Mzee akatikisa kichwa. "Mama, kukwangua hakutoboi mzizi. Hili limetobolewa kutoka ndani." Akagusa ndani ya tundu kwa sindano. Kulikuwa na saruji. Saruji nyeupe ya kuzibia, imemeguka nusu, nusu imebaki.

Kaka, tundu halijizibi lenyewe. Aliyeziba alijua kwamba kuna tundu.

Nimepewa jino kwenye kichupa. Lipo hapa mezani mbele yangu. Naomba unijibu. Sitaki maelezo ya mswaki.

Parapanda


1 Septemba

Kaka,

Siku ishirini na nne. Nimepiga simu, Mama anapokea, anasema uko na mgonjwa. Jumapili pia uko na mgonjwa?

Mzee amenionyesha faili langu, sasa wamelifungua. Daktari wa fizi aliandika tangu Machi: "Nashuku tundu kwenye mzizi. Daktari wa kwanza anakanusha." Mwezi wa tano akaandika: "Nitafungua fizi tarehe 3 Juni kuhakikisha. Likiwepo, nitaliziba siku hiyohiyo. Jino bado linaokoleka."

Linaokoleka. Kwa mwandiko wake. Na mimi nikaenda kumshitaki.

Parapanda


12 Septemba

Mdogo wangu,

Nimeandika barua hii mara nyingi na kuichana.

Ni kweli. Jino lako lilikufa tangu ulipoanguka kwenye ngazi ukiwa mdogo, na jino likikaa limekufa miaka mingi, njia ya ndani ya mzizi hujifunga. Nilikuwa naitafuta kwa kuchimba. Nilikuwa nakusimulia, nacheka, mkono ukapinda mbele kidogo. Nilipoingiza karatasi ya kukaushia ikatoka na damu ubavuni wakati ncha yake ilikuwa kavu. Nilijua palepale.

Nilikuwa nimefungua mdomo kukwambia. Naapa. Hapo Mama akachungulia mlangoni, akasema, "Mmeona mikono ya mwanangu?" Wewe ukanyoosha kidole gumba, na mdomo wako umejaa pamba. Nikaufunga mdomo wangu. Nikaziba kwa saruji niliyokuwa nayo, ambayo si dawa ya kazi ile, nikajiambia itashika. Keshokutwa yake ulikuwa unasafiri. Nikajiambia, akisumbuka atanieleza. Ulipokuja kunieleza nilikuwa nimeshateuliwa kufundisha. Fikiria, kufundisha mizizi! Yule mama aliponiandikia kwa upole ule, nilimchukia. Kama angenitukana pengine ningemjibu ukweli.

Nimekukosea. Sina neno jingine. Njoo nyumbani nikutengenezee jino ambalo hakuna mtu atakayejua kwamba si lako.

Ukimaliza kusoma, ichome barua hii. Ikionekana, nimekwisha.

Kaka yako


20 Septemba

Kaka,

Nimeisoma mara nne. Sijaichoma.

Yaliyo kati yangu na wewe tuyaweke kando, maana leo sijui hata niyaanzie wapi. Kuna mtu ambaye hayuko kati yetu. Yule mama yuko nyumbani kwake tangu Mei kwa maneno yako, kwa mwandiko wangu. Nilikwenda kamati na lile jino kwenye kichupa. Wakasema jino bila maelezo halimsafishi mtu. Daktari aliyelitibu ametia saini na muhuri kwamba mzizi ulikuwa mzima, kwa hiyo huenda lilitobolewa baadaye. Yule mzee akabisha, wakamwambia yeye ni rafiki yake. Wanakutana tena tarehe 16 Oktoba, na safari hii ni kumfukuza moja kwa moja.

Andika mistari mitatu. Sema uliyoniambia mimi. Ikifika kabla ya tarehe 10, nitajua nina kaka.

Kuhusu kunitengenezea jino, usinichekeshe. Nimeshawekewa la kuvaa na kuvua. Hewa inavujia pembeni. Mkuu wa bendi amenihamishia kwenye matoazi.

Parapanda


3 Oktoba

Mdogo wangu,

Unaniomba nijichinje kwa mkono wangu.

Nikiandika mistari hiyo, chuo kitanitoa, kliniki itafungwa, na wagonjwa wote niliowatibu watakuja kuuliza meno yao yana nini. Wewe umepoteza jino moja. Naumia kwa hilo, lakini ni jino. Yule mama ni mtu mzima, ana ujuzi wake, atapata kazi mji mwingine. Mimi nikianguka naanguka na Mama. Unajua presha yake. Anakaa kwenye lile benchi kila siku, hana raha nyingine duniani isipokuwa kusema "mwanangu daktari." Utamwambia nini?

Mimi ndiye niliyekushika mkono kukufundisha kuandika. Usiutumie mkono huohuo kunizika.

Nilikuomba uichome barua. Nakuamini.

Kaka yako


12 Oktoba

Kwa Daktari wa Fizi,

Shikamoo, Daktari.

Mimi ni yule mpiga tarumbeta. Najua jina langu hutaki kulisikia, kwa hiyo nitakuwa mfupi.

Ndani ya bahasha hii kuna nakala ya barua ya kaka yangu. Barua halisi, yenye mwandiko wake, nimeikabidhi leo asubuhi kwa katibu wa kamati pamoja na kichupa chenye jino, na nimeandika kwamba nayafuta malalamiko yangu yote. Katibu aliisoma nikiwa nimesimama mbele yake. Alipomaliza akaniuliza, "Huyu ni ndugu yako wa damu?" Nikasema ndiyo. Akaniuliza kama nina uhakika. Nikamwambia apige muhuri wa kupokea, kabla sijabadili mawazo.

Nilikuwa na madaktari wawili. Mmoja aliniambia anachotaka kuona, mwingine akaniambia ninachotaka kusikia. Nikamshitaki yule wa kwanza.

Naomba radhi. Ukiniruhusu, nitakuja kuisema kwa mdomo.

Mgonjwa wako wa zamani


5 Novemba

Kwa Mgonjwa wa Zamani,

Barua yako na nakala nimezipata. Kamati imeniandikia kwamba sina hatia na kwamba naweza kurudi chumba namba nne. Sitarudi. Miezi mitano wenzangu niliofanya nao kazi miaka kumi na tisa walikuwa wakiniona sokoni wanavuka barabara. Wagonjwa wangu waligawiwa kama nguo za marehemu. Siwezi kuingia tena kila asubuhi na kuwaambia hamjambo.

Unaomba kuja. Tafadhali usije. Najua ulidanganywa, na najua kumfichua ndugu si jambo jepesi. Yote hayo nayaelewa nikiwa nimekaa hapa peke yangu. Nikikuona mbele yangu sidhani kama nitayaelewa. Uliniamini mara tatu nikukwangue hadi kwenye mfupa, lakini hukuniuliza hata mara moja, "Daktari, ni kweli umeniharibu?" Ungeniuliza, ningekujibu.

Vijifuko vingine vilivyopona visipotunzwa vitarudi. Kasafishwe kila baada ya miezi mitatu. Uzi usiuache.

Daktari wa Fizi


20 Novemba

Kaka,

Sikuichoma. Utakuwa umeshajua, maana nasikia chuo kimekuita na baraza la madaktari limekuzuia kugusa mizizi mpaka uchunguzi uishe. Nimeona nikuandikie mwenyewe usije ukadhani iliibiwa. Niliipeleka kwa miguu yangu.

Nilingoja mpaka tarehe 10. Kila siku nilikwenda kuuliza posta, na yule wa dirishani alifika mahali akawa ananitikisia kichwa kabla sijauliza. Tarehe 11 nikakaa na barua zako mbili mapajani, ya kukiri na ya kukataa, kutwa nzima. Kiberiti nilikuwa nacho. Nilisoma pale ulipoandika "ni jino," nikakirudisha kiberiti jikoni.

Umeharibu kazi mbili kwa kukwepa aibu moja. Ya yule mama haitarudi, ameondoka. Ya kwangu unaijua. Kama ungeniambia siku ile nikiwa bado na pamba mdomoni, ningelia, ningekutukana, ungeniziba tundu vizuri, na sasa hivi tungekuwa tunacheka. Hilo ndilo linaloniuma kuliko jino. Lilikuwa jambo la kusemwa kwa dakika moja.

Usinijibu. Huna la kuongeza, na mimi sina la kukuongeza.

Parapanda


8 Disemba

Mwanangu,

Sijambo. Presha imepanda ikashuka, namshukuru Mungu.

Kaka yako alikuwa hataki kuniambia. Nimeambiwa na mgonjwa, pale pale kwenye benchi, mbele ya watu. Nilirudi nyumbani kwa miguu. Nilipomuuliza akalia, akanisomea barua zako zote. Nilikukasirikia wewe kwanza, sitakuficha. Nilisema mtoto gani huyu, anamwanika mwenzake. Nilikaa na hasira hiyo wiki mbili, nikawa namtetea kila nilipokwenda.

Juzi jino la nyuma likanishika tangu alfajiri, shavu lote likawa linagonga. Kaka yako akaja na ile taa yake ya kichwani, akavaa glavu, akanikalisha dirishani penye mwanga. Akasema, "Mama, fungua mdomo nikuangalie." Nilimtazama usoni. Nilitaka kuufungua, mwanangu. Nilimzaa mimi, nimemsifu mimi. Mdomo ukakataa. Nikaufumba na mkono nikauweka juu yake.

Akavua glavu moja, akavua ya pili, akazima taa, akatoka. Jana nimekwenda kung'olewa kwa mtu ambaye hata hanijui.

Mwaka huu usije nyumbani. Sina la kukwambia, na yeye pia sina la kumwambia.

Mama yako